Maji na Unyevu Ndani ya Kabini ya Lori: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madereva wa Unguja na Pemba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya madereva, matingo na wenye malori wa Unguja na Pemba. Gari zetu nyingi ni Isuzu, Canter na Fuso zilizoletwa zikiwa zimekwishatumika, na zinafanya kazi katika hali ya hewa isiyolihurumia bati: mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, na upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima. Kabini inayovuja si kero ya kulowa suruali tu. Maji hayo hula sakafu, hufika kwenye nyaya, na humfanya dereva na utingo wake wavute hewa ya kuvu kila siku ya kazi. Jambo moja limerudiwa katika majibu mengi kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi: tafuta kwanza maji yanapoingilia, kisha ndipo uzibe na ukaushe.

Nimekuta majimaji sakafuni. Nitajuaje yametoka wapi?

Yaguse na uyanuse kabla hujayafuta, maana sifa zake ndizo zitakazokuonesha asili yake. Chovya karatasi nyeupe, kisha uitazame penye mwanga wa jua. Maji yasiyo na rangi wala harufu, tena yasiyoteleza vidoleni, ni ya mvua, ya kuoshea gari au ya kiyoyozi. Na ikiwa siku hiyo mvua haikunyesha wala gari haikuoshwa, basi kiyoyozi ndicho cha kushukiwa. Majimaji ya kijani, mekundu au ya buluu, yanayoteleza na yenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa ya kupoozea injini, na kwa kawaida hutoka kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi. Dalili yake nyingine ni utando wenye mafuta unaorudi juu ya kioo cha mbele kwa ndani hata baada ya kufutwa, pamoja na rejeta kupungua maji bila ya sababu inayoonekana. Usiyaonje maji hayo na usiyaache kwenye chombo kilicho wazi, kwani dawa hiyo ni sumu.

Kuna aina nyingine ambayo inastahili kupewa uzito kuliko zote. Ukikuta unyevu wa mafuta chini ya pedali ya klachi au ya breki, au ukiona rangi ya chuma imevimba na kubambuka mahali hapo, huenda ni mafuta ya breki yanayovuja kwenye silinda kuu. Malori madogo yenye breki za mafuta huyatumia kwa kazi ya kusimamisha gari, na klachi za gari nyingi, zikiwamo kubwa, hutumia mafuta ya aina hiyo hiyo. Angalia chupa yake. Ikiwa kiwango kimeshuka, gari isiondoke mpaka fundi aione, hata kama mzigo umekwishapakiwa na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika mbili.

Mvua hupiga kioo cha mbele, lakini maji hujaa miguuni mwa abiria. Inawezekanaje?

Maji huingilia mahali pamoja, kisha hutokea mahali pengine. Tone linalopenya kwenye pembe ya juu ya kioo huteremka ndani ya nguzo ya bati, hukutana na fungu la nyaya nyuma ya dashibodi, hulifuata fungu hilo mpaka mahali linapopinda kuelekea chini, na hapo ndipo linapodondoka. Kwa hiyo mahali palipolowa panakuonesha mwisho wa safari ya maji, na anayeziba hapo atakuwa amepoteza gundi yake.

Mwelekeo wa gari nao una sehemu yake. Pemba ni kisiwa cha vilima, na dereva wa njia ya Chake Chake kwenda Wete anaweza kuona maji yakimwagika kila anapoteremka mlima, kwa sababu maji yaliyotuama ndani ya boriti ya paa au kwenye trei ya kiyoyozi husogea mbele gari inapoinama. Gari hiyo hiyo ikifanya kazi katika barabara tambarare za Unguja inaweza kukaa muda mrefu bila ya kuonesha kitu. Unapompelekea fundi, mweleze gari ilikuwa imeegeshwa vipi, imeinamia wapi, na upepo wa mvua ulikuwa ukitokea upande gani. Maelezo hayo humpunguzia fundi nusu ya kazi ya kubahatisha.

Nifanye nini ili nipajue hasa panapovuja?

Kazi hii inahitaji watu wawili, mpira wa maji wa kawaida, tochi na subira. Kwanza toa kapeti na kila kilicholowa, kisha iache kabini ikauke kabisa, kwa kuwa huwezi kuutambua mchirizi mpya juu ya sakafu iliyokwisha kulowa. Nyunyiza chaki iliyosagwa au poda ya mtoto kwenye kingo za ndani za kioo, chini ya dashibodi na pembezoni mwa sakafu. Poda hiyo itabaki nyeupe mahali pakavu, na tone likipita litaacha mstari unaoonekana waziwazi.

Mtu mmoja akae ndani, milango na vioo vikiwa vimefungwa na kiyoyozi kimezimwa, naye mwenzake amwage maji kwa nje. Anzeni chini mpande juu: kwanza sehemu za sakafu na matao ya magurudumu, kisha sehemu ya chini ya milango, halafu ukingo wa chini wa kioo cha mbele, pembe zake, na mwisho paa. Mkianza na paa, maji yatateremka juu ya kila kitu na hamtajua yamepenya wapi. Kila mahali mpatie dakika 5 hadi 10, kwani mwanya mwembamba huchukua muda kabla ya kutoa tone la kwanza. Msitumie mashine ya kuoshea gari yenye msukumo mkubwa, kwa kuwa maji yake hulazimishwa kupita hata kwenye raba nzima, na mtaishia kubadilisha kitu kisicho na kasoro.

Mkipata tundu la kwanza, litieni alama na muendelee. Gari iliyokwisha kukaa miaka mingi katika hewa ya bahari ni nadra kuvuja mahali pamoja tu.

Kwa milango kuna jaribio jepesi zaidi. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na raba yake, funga mlango, kisha uivute. Karatasi inapaswa kukaza. Ikitoka bila ya upinzani, raba imelala mahali hapo au mlango umeshuka kwenye bawaba zake. Zunguka mlango mzima namna hiyo. Ikiwa ni bawaba zilizolika, raba mpya haitasaidia mpaka mlango wenyewe uinuliwe na kukaa sawa.

Nikifungua mlango maji huchuruzika kutoka chini yake. Je, hiyo ni kasoro?

La. Maji hupita kando ya kioo cha mlango, huanguka ndani ya mlango wenyewe na hutoka kupitia matundu madogo yaliyo chini. Kasoro ni pale yasipotoka. Vumbi jeupe la barabara za maweni na za kifusi likichanganyika na maji hugandamana kama saruji katika matundu hayo, na mlango hugeuka kuwa tangi linalomwagikia ndani kila gari inapopinda. Yazibue kwa kijiti cha plastiki badala ya msumari, ili usikwaruze rangi na kukaribisha kutu.

Nyuma ya kava la mlango kuna karatasi nzito ya plastiki iliyobandikwa ili kuyazuia maji yasije upande wa abiria. Fundi anapotengeneza mashine ya kupandishia kioo huichana, na mara nyingi haitii tena kwa kudhani kuwa haina kazi. Ukiona mlango umeanza kulowesha kapeti muda mfupi baada ya matengenezo ya kioo, sababu ni hiyo. Kata plastiki nyingine nzito, ibandike kwa gundi laini isiyokauka, na uhakikishe kuwa ukingo wake wa chini umeingizwa ndani ya mlango, ili maji yanayoteremka juu yake yaangukie kwenye matundu.

Fundi amepaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele, lakini bado kinavuja. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni kwamba silikoni imepakwa juu ya kutu. Vioo vya mbele viko vya namna mbili: vile vilivyoshikwa na raba nene, ambavyo ni vya kawaida katika malori ya zamani, na vile vilivyogandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye bati. Raba hukakamaa kwa jua, husinyaa, na hufunguka kwanza kwenye pembe. Maji yakiingia chini yake hukaa hapo, bati huvimba kwa kutu, kutu huisukuma raba, na mwanya huzidi kuwa mkubwa. Anayepaka silikoni kwa nje huyafungia maji hayo ndani, na bati huendelea kuliwa mahali ambapo jicho halifiki.

Njia ya haki ni kukitoa kioo. Fundi aikwangue kutu mpaka afikie chuma safi, apige msasa, apake dawa ya kutu na rangi ya kuizuia, aache ikauke, ndipo akirudishe kioo kwa raba mpya au gundi ya vioo. Ikiwa bati limekwisha kutoboka, lichomelewe kwanza. Ni kazi ya siku kadhaa, na ninaelewa vizuri kuwa gari isiyotembea haileti riziki, lakini kioo kinachorudishwa juu ya kutu kitarudi gereji kabla ya masika mengine.

Zingatia pia aina ya gundi. Silikoni inayonuka siki wakati wa kukauka hutoa asidi inayokula chuma, kwa hiyo haifai hata kidogo kwa bati la gari. Gundi za vioo za aina ya poliyurethani huganda kwa kuvuta unyevu wa hewa, hivyo hewa yetu nzito haizizuii kukauka. Kinachozizuia kushika ni bati lililolowa au lenye vumbi wakati wa kupakwa. Kwa kioo cha raba, tumia gundi laini isiyokakamaa, ili raba iendelee kucheza pamoja na kabini. Gari isitembezwe kabla ya kumalizika muda ulioandikwa kwenye kopo au mrija wa gundi.

Paa linaonekana zima, lakini dari ina madoa ya kahawia. Maji yanapita wapi?

Tazama kwanza kila kilichotobolewa: taa za juu, antena, na bolti za karieni. Wengi wetu tumefunga karieni juu ya kabini ili kubebea turubai, kamba na ngazi, na mara nyingi bolti zake hupitishwa kwenye bati bila ya washa ya mpira wala gundi. Gari za abiria zenye bodi ya mbao zilizojengwa juu ya chesisi za malori zichunguzwe zaidi mahali mbao zinapokutana na kabini, kwani mbao hutanuka na kusinyaa huku bati likibaki vile vile, na mwanya hujifungua wenyewe.

Jambo la pili ni nyayo. Utingo anapofunga mzigo hukanyaga paa, bati hubonyea, na bonde dogo linalobaki hutuamisha maji hata baada ya mvua kukatika. Gundi iliyo kwenye maungio ya paa hupasuka pale pale bati linapobonyea. Tengeneza mahali maalumu pa kukanyaga, ama ubao uliokaa juu ya nguzo za karieni, ama ngazi ya kando. Bolti zinazovuja zitolewe moja moja, matundu yasafishwe na kupakwa rangi, kisha zirudishwe na gundi pamoja na washa ya mpira. Kuongeza gundi juu ya kichwa cha bolti bila ya kuitoa ni kazi isiyodumu.

Gari yangu hulala chini ya mwembe. Je, kuna ubaya?

Kivuli kinahifadhi raba na dashibodi, kwa hiyo usikiache. Ubaya uko kwenye majani. Katika gari nyingi, hewa ya feni huingilia kwenye matundu yaliyo mbele, chini ya kioo, na majani yakijaa hapo maji ya mvua hukosa njia ya kutokea, hupanda, na huingia kwenye feni. Ondoa majani kwa mkono kila wiki, na wakati wa masika kila asubuhi.

Maji hutoka chini ya dashibodi nikiwasha kiyoyozi. Je, gesi ndiyo inayovuja?

Hapana, gesi ya kiyoyozi ikivuja haiachi maji sakafuni. Kiyoyozi hupoza hewa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuwa nao. Hewa ya nyuzi joto 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, wakati hewa ya nyuzi joto 20 hubeba takriban gramu 17 tu. Tofauti hiyo hugeuka maji, hudondokea kwenye trei, na hutolewa nje kwa mrija mwembamba.

Egesha gari, washa kiyoyozi kwa robo saa, kisha utazame chini ya kabini. Katika hewa ya visiwani ni lazima uone maji yakidondoka kwa nje. Usipoyaona, mrija umeziba kwa vumbi, utelezi wa kuvu au kiota cha wadudu. Uchomoe na uupulize kwa upepo mdogo kuanzia upande wa nje, au upitishe waya laini bila ya nguvu, kwa kuwa ukiupasua ndani itabidi dashibodi ifunguliwe. Hakikisha pia kwamba mrija haukukunjwa wakati kabini iliposhushwa baada ya kuinuliwa kwa matengenezo ya injini.

Vioo huingia ukungu ingawa hakuna panapovuja. Kwa nini?

Futa kioo kwa kidole ili ujue ukungu uko upande gani. Ukiwa ndani, hewa ya kabini ina mvuke mwingi, ama kwa pumzi za watu watatu waliobanana baada ya kunyeshewa, ama kwa kapeti lililolowa chini bila ya wewe kujua. Washa kiyoyozi, uelekeze hewa kwenye kioo, na ufungue njia ya hewa ya nje. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiachwa kimewashwa, mvuke huo huo utaendelea kuzunguka. Ukungu ukiwa nje, kioo kimepozwa kupita kiasi na hewa ya usiku inagandia juu yake. Punguza ubaridi na utumie waipa.

Ukungu wa ndani unaorudi kila alfajiri katika gari iliyolala tupu ni dalili kwamba kuna maji mahali. Inua kapeti.

Nikaushe vipi kapeti na sakafu?

Usianike kapeti likiwa bado ndani ya gari. Sehemu ya juu hukauka kwa saa chache na kumpa mtu matumaini, ilhali sponji au blanketi lililo chini yake hubaki limejaa maji kwa wiki nyingi. Fungua viti, vibao vya kingo za milango na mikanda, utoe kila kitu nje. Kamua sponji, liweke juani likiwa limeegemea ukuta ili hewa ipite pande zote mbili, na uligeuze. Sakafu yenyewe ifutwe, milango iachwe wazi mchana, na usirudishe kapeti mpaka bati liwe kavu mkononi na sponji lisitoe unyevu hata likibanwa kwa karatasi. Sponji lililokwisha kunuka uvundo litupwe. Kwa gari ya mchanga na mawe, mimi ninashauri kapeti lisirudishwe kabisa, na badala yake utandikwe mpira wa sakafu unaoweza kuinuliwa na kufutwa kila jioni.

Je, chumvi, mkaa au chokaa husaidia kuvuta unyevu?

Chumvi ikae mbali na kabini. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, na usiku wa visiwani mara nyingi huvuka hapo, kwa hiyo bakuli la chumvi hugeuka bakuli la maji ya chumvi ambalo litamwagika kwenye bati kwa shimo la kwanza barabarani. Chokaa isiyozimwa hupata moto ikikutana na maji na huunguza ngozi na macho. Mkaa hauna madhara, hupunguza harufu kidogo, lakini hauwezi kukausha kapeti. Jua, upepo na kiyoyozi vinafanya kazi kuliko vyote hivyo.

Kuvu imeota kwenye viti na mikanda. Niisafishe vipi?

Kitu kilicholowa kikikaa siku moja hadi mbili bila ya kukauka kinaweza kuanza kuota kuvu, na katika joto letu hakuna msimu unaoizuia. Ifanyie kazi nje, milango ikiwa wazi, ukivaa barakoa na glavu, na mwenye pumu asishiriki. Usiisugue ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo linalodhuru kifua. Ilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, isugue kwa brashi, ifute, kisha anika. Siki nyeupe husaidia kwenye plastiki na mpira. Dawa ya madoa yenye klorini isichanganywe na siki wala na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu, na ndani ya kabini ndogo hatari hiyo huwa kubwa zaidi. Tena isipakwe kwenye mikanda, kwa kuwa huudhoofisha uzi wake. Mkanda ni uhai wa mtu. Usafishe kwa sabuni laini na maji, uvute wote nje, na uuache ukauke kabla ya kuuruhusu kurudi.

Nabeba mwani kutoka Paje na Jambiani, na mara nyingine gari hupanda meli. Maji ya chumvi yana tofauti gani?

Tofauti ni kwamba hayakauki kikweli. Maji yakienda, chumvi hubaki katika kapeti na maungio ya bati, na kila usiku huvuta unyevu mwingine kutoka hewani, kwa hiyo sakafu hubaki na jasho hata wakati wa kaskazi. Kitu kilicholoweshwa na maji ya bahari kisianikwe kabla ya kusuuzwa kwa maji baridi ya kunywa zaidi ya mara moja. Utingo aliyetoka kubeba mwani uliolowa aweke viatu na nguo zake kwenye beseni la plastiki badala ya sakafuni. Gari iliyokaa juu ya sitaha kati ya bandari ya Malindi, Unguja, na ya Mkoani, Pemba, ioshwe siku hiyo hiyo ya kushuka, hasa kwenye kingo za kioo, bawaba na chini ya kabini.

Taa huwaka zenyewe na fyuzi hukatika mvua ikinyesha. Je, ni maji?

Yumkini ni maji, na hili halisubiri. Boksi la fyuzi katika gari nyingi liko chini ya dashibodi, kwenye njia ile ile ya maji yanayoteremka kutoka kwenye kioo. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Malori mengi hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, hivyo hakikisha umeme wote umekatika. Fungua viunganishi na utafute unga wa kijani juu ya pini, ambao ni shaba iliyoliwa. Visafishwe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, vikaushwe, na vilivyoliwa sana vibadilishwe. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili isikatike: fyuzi inayokatika inakulinda na moto. Viunganishi vya rangi ya njano, ambavyo kwa kawaida ni vya mifuko ya hewa, viachwe kwa fundi umeme.

Tunalala ndani ya kabini tukisubiri meli au mzigo. Tufanyeje unyevu usituzidi?

Acheni vioo viwili vya pande tofauti wazi kiasi cha vidole viwili, ili hewa iingie kwa huku na kutoka kwa kule. Kioo kimoja hakitoshi. Nguo zilizolowa zisianikwe ndani, na jiko la mkaa au la gesi lisiwashwe ndani ya kabini kwa kisingizio chochote, kwani lile la gesi huongeza mvuke, na moshi wa mkaa hata usioonekana huua mtu usingizini. Godoro linyanyuliwe kila asubuhi ili upande wake wa chini upate hewa. Dereva au utingo anayekohoa akiwa ndani ya gari na kupata nafuu akiwa nyumbani asilichukulie hilo kuwa jambo la kawaida la kazi.

Nataka kununua lori lililotumika. Nitajuaje kama liliingia maji?

Vuta mikanda yote mpaka mwisho, kwani anayesafisha gari kwa ajili ya kuuza husahau sehemu iliyojificha, na doa la maji au kuvu huonekana hapo. Angalia bolti za viti kama zina kutu au zina alama za kufunguliwa. Inua pembe ya kapeti. Ingiza mkono nyuma ya boksi la fyuzi utafute udongo mkavu. Tazama kama kuna mvuke ndani ya saa za dashibodi. Marashi mengi mapya ndani ya kabini kuukuu yakufanye uulize maswali zaidi, na kama muuzaji hataki gari imwagiwe maji mbele yako, tafuta nyingine.

Masika yamekwishaingia na gari haiwezi kulala gereji. Nifanye nini kwa sasa?

Toa kapeti na sponji, kausha bati, na ufanye kazi na sakafu tupu au mpira mwepesi. Kama mwanya uko kwenye pembe ya juu ya kioo au kwenye paa, ufute, uukaushe, na ubandike tepu pana isiyopitisha maji kuanzia upande wa chini kwenda juu, ili kila kipande cha juu kikilalie cha chini. Usiku, egesha gari ikiwa imeinamia upande usiovuja na ikiwa imeupa mgongo upepo wa kusi, na kama una turubai lifunike kabini bila ya kuziba matundu ya hewa. Karatasi za gari, leseni na bima ziwe ndani ya mfuko wa nailoni unaofungika. Usitumie silikoni wala lami kama dawa ya muda, kwa sababu siku ya matengenezo fundi atapoteza muda mwingi kuvikwangua, na mabaki yake huizuia gundi mpya isishike. Hata tepu ina gundi yake, kwa hiyo mwambie fundi ulipoibandika, apafute kwa spiriti kabla ya kuanza kazi.